Nzi wa matunda afukuzwapo huenda wapi? Historia ya mwarobaini na pareto

Kwa zaidi ya karne moja wakulima na wanasayansi wamejaribu kumzuia nzi wa matunda kwa kutumia majani, mbegu, maua na mafuta ya mimea. Historia ya juhudi hizo inapita katika bustani za mboga za pwani ya Afrika Mashariki, nyanda za juu za Kenya na Tanzania, Sudan na India, na inafika hadi mtaa wa Cedar-Riverside mjini Minneapolis, nchini Marekani.

Mkulima akatapo tango lililoonekana zima, akakuta ndani yake funza weupe wakitambaa, huwa amekwisha kushindwa siku nyingi zilizopita. Nzi jike wa matunda ana mrija mwembamba mkiani, mfano wa sindano. Hutoboa ganda la tunda changa, huweka mayai chini yake na kuruka kwenda zake. Mayai huanguliwa ndani, na mabuu hula nyama ya tunda hadi yakomae. Kisha huanguka chini, hujifukia udongoni na kugeuka pupa, ambamo hutoka nzi wapya.

Kwa hiyo dawa inyunyizwayo juu ya tunda haiwafikii mabuu yaliyo ndani, wala haizifikii pupa zilizofukiwa chini. Nafasi iliyo bora ya kumdhibiti mdudu huyu ni kabla hajatua. Ndiyo maana fikra ya kumfukuza, badala ya kungoja kumuua, ni ya zamani na haijafa hadi leo.

Ingawa jina lake hutaja matunda, nzi huyu ni adui mkubwa wa mboga pia. Matango, maboga, matikiti, karela na madodoki hushambuliwa na nzi wa jamii ya matikiti. Baadhi yao ni wenyeji wa Afrika. Mmoja aliye hatari zaidi asili yake ni Asia, na ameripotiwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930. Nyanya, pilipili na nyanya chungu nazo zina maadui zao wa ukoo huohuo.

Mti wa maradhi arobaini

Dawa ya kwanza kutajwa katika habari hii ni mwarobaini. Asili ya mti huo ni Bara Hindi, na inaaminika kuwa ulifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Wahindi waliovuka bahari kuja kufanya kazi na biashara. Waswahili waliupa jina linalotokana na sifa yake ya kutibu maradhi arobaini. Kutoka Lamu hadi Mtwara, mti huo ulipandwa uani kwa ajili ya kivuli, na majani yake yakachemshwa kutibu homa.

Nchini India wakulima walikuwa wakichanganya majani yake makavu na nafaka ghalani ili kuwazuia wadudu. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mimea yake. Utupa, ambao wavuvi waliutumia kulewesha samaki, ulitwangwa na wakulima wakaunyunyizia mimea na kuuchanganya na nafaka. Majivu, pilipili na tumbaku vilitumika vivyo hivyo.

Hata hivyo, maarifa hayo yalibaki ya nyumbani. Hayakuandikwa vitabuni, hayakupimwa kwa mizani, na mabwana shamba wa enzi ya ukoloni hawakuyafundisha. Mmea wa kwanza wa kufukuza na kuua wadudu uliopata kiwanda, bodi na soko la nje ulikuwa mwingine kabisa, nao uliletwa na walowezi.

Maua meupe ya vita

Pareto ni ua jeupe lenye kiini cha manjano, linalofanana na daisi. Asili yake ni Dalmatia, katika pwani ya bahari ya Adria. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndiyo iliyoongoza kwa kuizalisha. Nchini Kenya ilianza kulimwa mwishoni mwa miaka ya 1920 katika nyanda za juu zenye baridi, na mji wa Nakuru ukawa makao ya biashara yake. Baadaye ililimwa pia katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, ambako Mafinga hadi leo ni kituo cha kuisindika.

Vita vilipofika Bahari ya Pasifiki mwaka 1941, mataifa ya Magharibi yalikatiwa pareto ya Japani. Wanajeshi wao walikuwa wakifa kwa malaria, na pareto ilikuwa silaha yao dhidi ya mbu. Kenya ikawa tegemeo lao. Ua lililochumwa kwa mkono Molo na kwingineko likageuka dawa ya kupulizia katika mahandaki ya askari walioko maelfu ya kilomita kutoka huko.

Ndani ya ua hilo mna kemikali ziitwazo pirethrini. Huishambulia mishipa ya fahamu ya mdudu, humwangusha kwa haraka, na hata kwa kiasi kidogo humfanya akimbie. Kasoro yake ni jua. Mwanga wa mchana huivunja kemikali hiyo kwa muda mfupi, na mkulima aliyepulizia asubuhi huenda asiwe na kinga yoyote siku inayofuata.

Kasoro hiyo ndiyo iliyoipa nafasi DDT. Mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua mwaka 1939 kuwa kemikali hiyo inaua wadudu, na mwaka 1948 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. DDT ilikuwa rahisi kwa bei, nayo ilidumu kwa miezi. Dawa za mimea zikaanza kuonekana kuwa mabaki ya zamani. Hatimaye kudumu kule kulikosifiwa kukageuka shutuma. Mwaka 1962 mwandishi wa Marekani Rachel Carson aliueleza ulimwengu jinsi sumu hizo zinavyobaki katika udongo, maji na miili ya ndege. Marekani iliipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1972.

Hapo ulimwengu ulirudi kwenye pareto, lakini kwa njia ambayo haikumnufaisha mkulima wake. Mwaka 1973 mwanasayansi Michael Elliott na wenzake wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walitangaza permethrini, kemikali ya maabara iliyoiga umbo la pirethrini lakini ikastahimili jua. Kiwanda kikaweza kutengeneza kile ambacho awali kilihitaji shamba. Kenya iliendelea kuuza sehemu kubwa ya pareto ya dunia hadi miaka ya 1990. Kisha malipo ya wakulima yalicheleweshwa, wengi waking'oa pareto na kupanda viazi, na Tasmania nchini Australia ikachukua nafasi ya mbele.

Nzige na mti mmoja wa kijani

Wakati pareto ikipanda na kushuka, mwarobaini ulikuwa unangoja shahidi. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan wakati kundi la nzige liliposhuka. Nzige walikula kila jani la kijani, isipokuwa majani ya mwarobaini. Walitua juu yake, wakauacha.

Jambo hilo lilimshughulisha Schmutterer maisha yake yote. Nchini India nako, mwaka 1962, wanasayansi walionyesha kuwa maji ya mbegu za mwarobaini yakinyunyiziwa mazao huwazuia nzige wasile. Mwaka 1968 watafiti wawili nchini Uingereza, Butterworth na Morgan, walifanikiwa kuitenga kemikali yenye nguvu hiyo, nayo ikaitwa azadiraktini. Umbo lake ni gumu mno kiasi kwamba wanakemia hawakulielewa sawasawa hadi mwaka 1985, na kuitengeneza katika maabara ya Cambridge kuliwezekana mwaka 2007 tu.

Mwaka 1986 mkutano wa tatu wa kimataifa kuhusu mwarobaini ulifanyika Nairobi. Mji huo haukuchaguliwa kwa bahati tu. Tangu mwaka 1970 Nairobi ilikuwa makao ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoasisiwa na Mkenya Thomas Odhiambo. Yeye alishikilia kuwa Afrika iwe na wanasayansi wake wa kuwachunguza wadudu wake. Katikati ya miaka ya 1990 icipe ilianzisha mradi wa mwarobaini, ukiongozwa na Ramesh Saxena, kuwafundisha wakulima kutumia mti waliokuwa nao tayari uani.

Somo lenyewe lilikuwa jepesi. Gramu 500 za kokwa za mwarobaini zilizotwangwa huloweshwa usiku kucha katika lita 10 za maji, huchujwa kwa kitambaa, hutiwa sabuni kidogo ili maji yashike majani, na hunyunyizwa jioni jua likishapungua. Kwa sababu dawa huvunjika kwa mwanga na kuoshwa na mvua, hurudiwa kila baada ya wiki moja hivi.

Kwa nzi wa matunda, mwarobaini hufanya kazi mbili. Harufu na uchungu wake humfanya jike asite kutaga. Aidha, watafiti wa Hawaii walionyesha mwaka 1990 kuwa azadiraktini ikitiwa katika mchanga ambamo mabuu hujifukia, nzi wengi hushindwa kutoka katika pupa. Walilithibitisha hilo kwa aina tatu za nzi, akiwemo nzi wa jamii ya matikiti.

Jirani mwenye leso

Mimea, hata hivyo, haifukuzi tu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mtaalamu wa wadudu Frank Howlett alikuwa akifanya kazi Pusa, India. Jirani yake alitumia mafuta ya mchaichai wa jamii ya sitronela ili kuwafukuza mbu, akajikuta akizongwa na nzi wa matunda. Howlett alichapisha habari hiyo mwaka 1912, na baadaye akatambua kemikali inayohusika, methili eujenoli. Nzi wote waliovutwa walikuwa madume.

Kemikali hiyo hupatikana katika mimea mingi, ukiwemo mrehani, na huweza kutengenezwa kutokana na eujenoli, mafuta yaleyale yanayoipa karafuu ya Zanzibar na Pemba harufu yake. Katika miaka ya 1960 wanasayansi wa Marekani waliitumia, pamoja na sumu kidogo, kuwamaliza madume wote wa nzi wa Asia katika kisiwa cha Rota, Bahari ya Pasifiki. Majike wakakosa wa kuwapandisha, na kizazi kikakatika.

Hivyo elimu ya mimea ikawa na mikono miwili, mmoja wa kufukuza na mmoja wa kuita. Afrika Mashariki ilikuja kuihitaji yote miwili kwa haraka ambayo haikutarajiwa.

Mgeni wa mwaka 2003

Mapema mwaka 2003 watafiti wa icipe walimkuta katika mitego ya pwani ya Kenya nzi ambaye hawakumfahamu. Muda mfupi baadaye alionekana Tanzania, kisha katika nchi moja baada ya nyingine hadi Afrika Magharibi. Mwaka 2005 alipewa jina la kisayansi lenye maana ya mvamizi. Miaka 10 baadaye, mwaka 2015, wataalamu walikubaliana kuwa kwa hakika ni yuleyule nzi wa matunda wa Asia. Odhiambo, aliyeiasisi icipe, alifariki dunia mwezi Mei mwaka huohuo wa 2003, mvamizi akiwa ndiyo kwanza anaanza safari.

Embe ndilo lililoumia zaidi, lakini mboga hazikusalimika. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Ulaya, walitangaza kugunduliwa nchini Tanzania kwa nzi mwingine wa Asia, anayependa zaidi mazao ya jamii ya nyanya: nyanya chungu, mnavu, pilipili na nyanya yenyewe. Hizo ni mboga za kila siku mezani, na aghalabu ni mali ya mwanamke anayeuza mafungu sokoni ili alipe ada ya shule.

Wakulima wengi walikimbilia sumu kali, wakipulizia mara kwa mara hadi siku za kuvuna. Sumu iliua pia nyigu wadogo wanaowashambulia nzi, na mabaki yake yakawa hoja katika masoko ya nje. Mwaka 2014 Kenya ililazimika kusimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na haikurudi katika soko hilo hadi mwaka 2021.

Ni nani mwenye mti?

Wakati huohuo swali jingine lilikuwa likitafuta jibu mahakamani. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini dhidi ya ukungu wa mimea. Mwanaharakati wa India Vandana Shiva, mbunge wa Ulaya Magda Aelvoet na shirikisho la kimataifa la kilimo hai walipinga. Hoja yao ilikuwa fupi: kampuni haiwezi kudai kuvumbua kile ambacho wakulima wa India wamekifanya tangu zamani. Hataza hiyo ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwezi Machi mwaka 2005.

Ushindi huo ulitetea heshima ya maarifa ya kale. Lakini haukumpa mkulima wa Kilifi au Tanga kiwanda cha kusindika mbegu, wala bei ya kuziuza.

Mzigo wa msafiri wa Cedar-Riverside

Nzi wa matunda hutambuliwa hata na wale walioacha kilimo nyuma yao. Cedar-Riverside ni mtaa ulio ukingoni mwa mto Mississippi mjini Minneapolis. Katika karne ya 19 ulikaliwa na wahamiaji kutoka Skandinavia, na tangu miaka ya 1990 umekuwa makao ya Wasomali na watu wengine kutoka Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki. Baadhi yao waliishi Kenya miaka mingi, katika kambi za Dadaab au mtaa wa Eastleigh, wakajifunza Kiswahili huko. Msafiri arudiye kutoka Mombasa na maembe au karela mbichi begani hunyang'anywa uwanjani, na wengi huiona sheria hiyo kuwa ya ukatili.

Chanzo chake ni historia ya hofu. Mwaka 1929 nzi mwenye asili ya Afrika, ajulikanaye duniani kwa jina la bahari ya Mediterania, aligunduliwa Florida. Matunda yaliharibiwa kwa wingi na mashamba yakapuliziwa chambo chenye aseniki hadi nzi huyo akatokomezwa. Mwaka 1981 helikopta zilimwaga malathioni juu ya makazi ya watu huko California kwa sababu ya nzi huyohuyo. Wananchi walipoogopa, ofisa mmoja wa jimbo alikunywa hadharani glasi ya dawa hiyo iliyochanganywa na maji, ili kuwatuliza. Nzi hawa wa nchi za joto hawawezi kuishi katika baridi ya Minnesota, lakini sheria ni moja kwa nchi nzima.

Minnesota yenyewe ilipata mgeni wake mwaka 2012: nzi mdogo kutoka Asia, wa ukoo mwingine, anayetaga katika matunda laini kama rasiberi. Wakulima wa huko wanaofuata kanuni za kilimo hai hawana dawa nyingi za kuchagua. Mojawapo ya wanazoruhusiwa ni pirethrini, inayotoka katika ua lilelile la Nakuru na Mafinga.

Kufukuza na kukamata

Historia hii inaonya pia dhidi ya kudhani kuwa kila kitokacho mmeani ni salama. Rotenoni, iliyomo ndani ya utupa, ni hatari kwa samaki na imehusishwa na ugonjwa wa Parkinson. Ulaya na Marekani zimeacha kuiruhusu kwa mazao. Maji ya tumbaku yanaweza kumdhuru anayeyatayarisha. Mkulima anayetumia mimea hii anahitaji glavu na tahadhari kama anayetumia dawa ya dukani.

Onyo la pili ni kubwa zaidi. Nzi aliyefukuzwa hajafa. Akikuta matango ya Fatuma yananuka mwarobaini, atakwenda kwa Asha upande wa pili wa ua, atataga huko, na baada ya wiki chache watoto wake watarudi wengi kuliko yeye. Hapo ndipo dawa za mimea ziliposhindwa kila zilipoachiwa mkulima mmoja mmoja. Mimea yenyewe ilikuwa na nguvu, lakini nzi alikuwa na pa kwenda.

Jibu lilikuwa limekwisha onekana Kenya katika zao jingine. Tangu miaka ya 1990 Zeyaur Khan na wenzake wa icipe waliwafundisha wakulima wa mahindi kupanda desmodi katikati ya mahindi ili imfukuze nondo wa funza wa mabua, na matete pembeni ili yamvute. Mdudu husukumwa kutoka huku na kuvutwa kule. Kwa nzi wa matunda kanuni ni hiyohiyo: mwarobaini juu ya mboga, mitego yenye chambo pembezoni, na kila tunda lililooza huokotwa na kufungwa katika mfuko mweusi juani au kufukiwa kwa kina, kwa vile tunda moja lililoachwa chini huweza kuzaa makumi ya nzi.

Kazi ya kuokota haina hataza wala kiwanda, nayo haifai kitu ikifanywa na shamba moja kati ya kumi. Vijiji vilivyokubaliana siku ya kuokota na siku ya kunyunyiza ndivyo vinavyofaidi mti ulio uani. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nzi wa matunda, arukaye kutoka shamba hadi shamba, huhitaji mkono mzima.